Nyuki Weusi wa Barza Yetu

Mwaka ule mama mkwe wangu alipohama Butembo na kuja kukaa kwetu Beni, kitu cha kwanza alicholalamikia kilikuwa unga wa mbao. Kila asubuhi aliukuta juu ya meza ya barza, kibaraza chetu cha mbele, kama vile seremala amefanya kazi pale usiku. Aliinua macho, akaona matundu ya mviringo kwenye mbao zinazobeba mabati, na nyuki weusi, wanene kama kidole gumba, wakiingia na kutoka kwa kelele.

"Munaikala namna gani na bidudu byenye binakula nyumba?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, bile hapana kuuma mutu."

"Hapana kuuma mutu, mais binauma nyumba!"

Mume wangu aliogopa hasira ya mama yake kuliko kuanguka kwa paa. Alichovya kitambaa katika mafuta machafu ya gari, akapaka mbao zote, kisha akaziba matundu kwa udongo. Nyuki walizunguka wakigonga kuta, mwishowe wakapotea. Nilifurahi. Meza ilibaki safi.

Kando ya ua wa parseli, yaani kiwanja chetu, nilikuwa na marakuja ya manjano, mmea wa pasheni, ambayo matunda yake niliyapeleka sokoni. Jirani yetu, bibi wa pasta, yaani mke wa mchungaji, alikuwa na mmea wake upande wa pili. Msimu ule maua yalikuja mengi kuliko miaka yote. Yalifunguka mchana, jioni yakajikunja, na baada ya hapo yakaanguka. Hakuna tunda. Niliongeza mbolea ya mbuzi, nikamwagilia maji, nikakata majani. Maua yakaendelea kuanguka.

Mama mkwe alikuwa amemuona jirani akimwaga maji ya kufulia karibu na ua. Hilo lilimtosha.

"Yule mama iko na mukono mubaya," aliniambia.

Nilimjibu kwamba hata marakuja ya jirani hayakuzaa. Akasema labda dawa yake ilimrudia mwenyewe. Jirani naye aliacha kutusalimia. Tukipishana kwenye njia ya maji, alitazama chini. Nilisimama katikati yao nisijue nimwamini nani. Mara nyingine nilijiuliza kama kweli kuna kitu kibaya mikononi mwangu mwenyewe.

Kisha nilienda Mabalako kumsaidia dada yangu mkubwa kuanika kakao. Mchana tulipopumzika chini ya marakuja yake, nyuki mweusi, sawa kabisa na wale wetu, alijisukuma ndani ya ua. Alipotoka mgongo wake ulikuwa wa manjano kwa unga wa ua. Nilishika kitambaa nimpige. Dada akanikamata mkono.

"Acha! Ndiyo ile inatuzalishia matunda."

"Hii yenye inatoboa nyumba?"

"Njo hiyo. Ua la marakuja hii halizai na unga wake yenyewe, linaomba wa muti ingine. Nani ataupeleka? Wewe?"

Nilicheka, halafu nikakiweka kitambaa chini. Kama alisema kweli, basi waliomharibia jirani msimu ni sisi. Na kama hakusema kweli, ningekuwa kichekesho nyumbani. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikipiki, sikuweza kuamua.

Nyumbani sikumwambia mtu. Tawi la jirani lilikuwa limening'inia upande wetu. Mama mkwe alipolala mchana, nilichukua unga wa maua yale kwa kidole, nikaupaka kwenye machache ya kwetu na kuyafunga uzi ili niyatambue. Niliona haya, kama mtu anayefanya jambo la siri. Maua mengine yote yalianguka. Yale ya uzi yalivimba, yakawa matunda madogo ya kijani.

Nilimwita mama mkwe, nikamuonyesha na kumweleza. Aliyashika moja baada ya jingine.

"Donc, kumbe yule mama hapana kuloga?"

"Hapana, Mama. Ni siye tulifukuza nyuki."

Alikaa chini pale pale kwenye nyasi. "Sasa nitamuambia nini?"

Hakuweza kwenda, nikaenda mimi. Bibi wa pasta alinisikiliza huku ameshika mlango, akitazama uso wangu kama anatafuta mzaha. Kisha akajifunika mdomo.

"Mi nilifunga kula, nikaomba juu yenu," alisema. "Nilizani munatutegea dawa. Bwana anisamehe."

Hatukujua tucheke au tulie, tukafanya yote mawili.

Mume wangu alileta magogo makavu ya mti wa avoka, yaani parachichi, akayaweka chini ya marakuja ili nyuki wapate nyumba yao. Walichelewa kurudi. Waliporudi, wachache walitoboa magogo. Wengine walikwenda moja kwa moja kwenye barza yetu, kama vile hawakuelewa tulichowatengenezea. Msimu uliofuata matunda yalijaa pande zote mbili za ua, na wale akina mama wawili wakaanza kusalimiana, kwanza kwa sauti ndogo.

Unga wa mbao ukarudi mezani. Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe ameshika kitambaa, nyuki mweusi ametua karibu na kikombe chake.

"Huyu," aliniuliza, "nimuue ao nimusalimie?"

Alingoja mpaka nyuki akaruka mwenyewe, kisha akapangusa meza.