Jioni Sampe Alipomwita Lai Tiku

Sampe Rante, mkulima wa kahawa, alipewa uzee wa kanisa kwa sababu siku ya kuchagua hakuwepo kukataa. Tangu hapo kila zamu yake ya kuhubiri ikikaribia, alitafuta udhuru wa kubaki shambani. Mkewe alimtania kwamba nyati hamwogopi, ila mimbari anaikimbia.

Zamu hii ilikuwa ya ibada ya jioni nyumbani kwa mzee Lumbaa. Lai Tiku, mke wa mzee, alikuwa amekata roho tangu mavuno, lakini kwetu ambaye hajachinjiwa nyati wa kufugwa siku ya mazishi bado ni mgonjwa. Alilazwa chumba cha kusini, akipelekewa kahawa asubuhi, na anayetoka humuaga. Na somo lililopangwa lilikuwa la yule mtu wa Bethania aliyeitwa atoke kaburini! Sampe aliomba abadilishiwe. Mchungaji akamjibu kwamba somo halichaguliwi kama nguruwe sokoni.

Basi akakusudia kulipita mbiombio. Watu walijaa mkekani, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na pazia la chumba cha mgonjwa. Alihubiri akiyakodolea macho magoti yake. Lakini alipofika pale pa kuita, sijui nini kilimpanda, akapaza sauti mpaka mbao zikaitika: "Toka nje!"

Hata watoto waliacha kuchokozana. Hakuna aliyemtazama mhubiri. Macho yote yalikuwa kwenye pazia. Miaka yote Sampe alikuwa amelisimulia jambo hili kama habari ya watu wa mbali, waliokwisha kufa na kusahauliwa. Sasa lilikuwa humu ndani, karibu naye kiasi cha kuguswa, na alikuwa amelikaribisha yeye mwenyewe. Hakuthubutu kugeuka.

Mzee Lumbaa akainuka polepole, akashika ukuta, akaenda kulifungua pazia. Alichungulia ndani kwa muda. Kisha akamgeukia Sampe, uso umejaa matumaini kama wa mtoto.

"Mwite tena, mwanangu," alisema. "Masikio yake mazito. Na umtaje jina, asije akadhani unamwita mwingine."

Kukataa mbele ya mzee yule Sampe hakuweza. Akamwita Lai Tiku kwa jina, mara moja, kwa sauti ya chini kabisa, huku moyoni akimsihi Mungu asisikie.