Usingizi Tulioutupa Ziwani

Mume wangu alinivunja jino kwa kichwa chake siku chache tu baada ya kubatizwa, na mimi nikamchana muundi kwa kasia. Nayasema haya mapema, asije mtu akadhani nitasimulia habari za mke mvumilivu. Uvumilivu sikujaliwa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwamba mkunga alinitazama akasema, huyu atauza samaki. Kweli niliuza samaki, pale Kashikishi ufukweni mwa ziwa, katika miaka ile ya hamsini nyavu za nailoni zilipoanza kuingia. Wanunuzi walivuka kutoka upande wa Kongo, nikagombana nao kwa Kiswahili chao hadi walipokoma kuniita mtoto.

Mume wangu alitoka ng'ambo hiyo hiyo. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi wa shaba, mpaka siku mwamba ulipoporomoka ukamuua mwenzake aliyekuwa bega kwa bega naye. Baada ya hapo alishindwa kulala. Daktari wa kambi akampa vidonge vyeupe, kimoja kila jioni, na kimoja kilipochoka kufanya kazi akamwongezea cha pili. Miaka ikapita. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuuliza. Alipokuja kunioa alikuwa na kopo la vidonge kwenye sanduku, na vilipokuwa vikikaribia kwisha alivuka ziwa akaenda kupewa vingine.

Kwa hiyo mimi niliolewa na mtu wa vidonge, wala sikujua kwamba kulikuwa na mtu mwingine chini yake. Nilichokiona ni mwanamume mpole kupita kiasi. Nikimfokea, ananitazama kama mtu anayesikiliza mvua. Mtoto wetu wa kwanza alipokufa tumboni, alikaa kwenye mkeka akasema pole, kisha akalala. Shangazi zangu walinisifu kwa kupata mume asiye na makuu. Mimi usiku ule nilitamani kumwuma.

Kwetu, mwanamume anajenga kwa wakwe, na mwenye kauli juu ya mwanamke ni mjomba wake, kaka ya mama. Mjomba wangu alikuwa mtu wa haki, mkavu, tena mzee wa kanisa. Wahubiri wa siku zile walikuwa na desturi moja: kabla hujabatizwa ziwani, unaleta hirizi zako zote, pembe, mizizi, vitambaa vilivyofungwa, na unazitupa majini kwa mkono wako mbele ya watu. Mume wangu alipofika zamu yake hakuwa na pembe wala mzizi. Mzee mmoja akauliza habari za lile kopo. Akajibu kweli tupu, kwamba ni dawa ya kulala. Akaulizwa kama anaweza kulala bila hiyo. Akasema hawezi. Basi maneno yakaishia hapo, kwa sababu kwa akili ya watu wetu, kitu ambacho mtu hawezi kulala bila hicho ni hirizi, hata kama kimetoka mkononi mwa Mzungu. Akalifungua kopo akalimwaga. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Usiku wa kwanza hakulala, na tulidhani ni furaha ya wokovu. Kesho yake mikono ilianza kumtetemeka, akashindwa kumega ugali. Jasho lilimtoka kana kwamba anapika. Siku iliyofuata wavuvi walikuwa karibu na pwani wakipiga maji kwa marungu, kama wafanyavyo kuwafukuzia samaki kwenye nyavu, na mlio ule ulimwingia vibaya. Alijikunja pembeni ya nyumba ameziba masikio.

"Bambie baache," aliniambia. "Banapiga mu kichwa yangu."

Nilimwambia watu wanatafuta riziki, avumilie. Ndipo aliponirukia. Hakunitambua. Macho yalikuwa wazi lakini aliyekuwa akimwona si mimi. Alinipiga kichwa cha mdomo nikalitema jino langu mkononi. Nilishika kasia lililoegemea ukuta nikampiga nalo mguuni, na lau asingeanguka ningempiga la pili, kwa kuwa hasira zangu hazina breki. Alijiinua akauendea ulingo wangu wa kukaushia samaki, akaung'oa nguzo, akauangusha wote na samaki juu yake, kisha akaushika wavu mpya wa mjomba akaanza kuuchana kwa meno. Alikuwa akipiga kelele kwamba mawe yanaanguka. Nilipiga kelele zaidi yake.

Ndugu zangu walikuja mbio lakini walisimama mbali. Msiwalaumu. Mkwe akipigwa na shemeji zake, hiyo ni kesi ya koo mbili, na kesi kama hiyo inaweza kuwarithisha watoto uadui. Mjomba alikuja akaitazama damu kwenye kanga yangu. Alisema mgonjwa hahukumiwi, lakini damu yangu imemwagika katika kijiji chake na lazima itasemewa. Akipona, kesi itakaa. Na kama hana la kujibu, atawekwa kwenye mtumbwi arudi kwao, na mimi nitabaki. Nilielewa vizuri. Ama mume wangu afe sasa, ama apone nimpoteze. Nilimchukia wakati ule, mdomo ukinivuja damu, na bado sikutaka hata moja kati ya hayo mawili.

Mtu aliyetuokoa hakuwa na upole wala hekima. Alikuwa mjane, mkausha samaki jirani yangu sokoni, mwanamke wa mikono minene na matusi yasiyo na mwisho. Ukoo wake ni wa mbuzi. Ukoo wa mume wangu ni wa chui, na ukoo haujui mpaka wa ziwa. Chui na mbuzi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukunyang'anya chakula, kukuangusha matopeni, na hakuna kesi. Nawe ukimpiga, hakuna kesi. Ukifa, ni yeye anayekuzika. Kwa hiyo katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeweza kumshika mume wangu bila kuharibu kitu.

Alimwendea kama anayekwenda kukamata kuku. Alipigwa ngumi ya sikio, akacheka, akamkalia mgongoni. Tukamfunga kwa kamba za nyavu, mikono kwanza, kisha miguu, huku yeye akimtukana bila kupumzika.

"We chui gani?" alimwambia. "Mbuzi anakukalia na unalia kama mutoto."

Saa hiyo hiyo kifafa kikamshika. Mwili ulikakamaa kama ubao, kisha ukaanza kupigapiga chini, povu likamtoka lenye damu kwa kuwa alikuwa ameuma ulimi. Sijawahi kuogopa vile, wala mbele ya mamba sijaogopa vile. Kilipomwachia, wazee wa kanisa walikuwa wameshafika na fimbo zao. Walisema ameficha hirizi nyingine na pepo anaidai. Mmoja alianza kumpiga mbavuni ili aitaje. Mjane alichomoa kijinga cha moto chini ya samaki wake akasimama kati yao.

"Huyu ni mutu yangu," alisema. "Akikufa, njo miye nitamuzika. Bado hajakufa. Mutoke."

Aliyekuwa na fimbo alichelewa kutoka akaungua mkono wa shati. Wengine walitoka wenyewe.

Niliondoka kesho yake alfajiri na wanunuzi wangu waliokuwa wakirudi ng'ambo. Nilimwacha mume wangu amefungwa, mtani wake amekaa mlangoni akimlinda, na nguo nilizovaa bado zina damu. Daktari wa upande ule alikuwa Mzungu mwenye haraka. Nilipomweleza aliacha kuandika. Aliuliza ni nani aliyemkatizia dawa ghafla namna hiyo. Nilisema ni Mungu. Akasema basi Mungu amwachie yeye kazi hii, maana mtu aliyezoea dawa ile kwa miaka, akiachishwa kwa siku moja, anaweza kufa kwa kifafa, na wengi hufa. Hakuwa pepo. Ulikuwa mwili unaodai ulichozoeshwa. Alinipa vidonge na kunionyesha kwa wembe jinsi ya kuvipunguza: nimpe kama zamani kwanza atulie, kisha nimkatie kidogo, nikae wiki kadhaa, nimkatie tena. Nilimwuliza mbona daktari wa kambi hakusema hayo alipompa. Alifunga droo. Nilitamani kuivunja ile droo.

Niliporudi alikuwa ameshikwa na kifafa mara nyingine na mjane alikuwa na jicho lililovimba. Tulimnywesha. Alilala kama mtu aliyezimia, nami nikakaa karibu yake na wembe wangu. Kanisa lilitutenga Jumapili hiyo hiyo, kwamba nimeirudisha hirizi iliyokwisha kuzamishwa. Nilisimama mlangoni nikawaambia kuwa nitakuja kuwazika wote kwa zamu. Haikuwa tabia ya Kikristo.

Sasa watu hudhani nilipopata wembe mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kila nilipopunguza, nyumba iligeuka uwanja wa vita. Chungu cha maharage kinaruka ukutani. Anatembea usiku kucha, asubuhi ananiomba kinini yake, ndivyo alivyokiita kidonge, mchana ananitukania marehemu baba yangu. Siku moja alinishika koo nilipomnyima, nikamtia vidole machoni, tukaanguka juu ya jiko. Kovu ninalo mpaka leo kwenye kiwiko. Nilimwambia akitaka kuniua aniue, lakini wembe hataupata. Aliniachia akaenda kutapika.

Nilijifunza kumpa kazi ya kupiga. Nilimwekea kinu na muhogo uliokauka, akatwanga hadi shati likamganda mgongoni. Muhogo wetu ukiisha, alitwanga wa majirani, ambao waliuleta huku wakiogopa, wakauacha njiani. Mchi ulimchubua viganja akaendelea. Nilipendelea avunje muhogo kuliko anivunje mimi.

Na mjane alikuja kila jioni kumtukana. Hakuja kumfariji, ni desturi tu, na mtu mzima wa akili lazima amjibu mtani wake. Asiyejibu ni mgonjwa, sisi sote tunajua hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa hajibu. Mjane alikuwa akimwambia ana miguu ya korongo na mke anayenuka moshi, akabaki anatazama chini. Kisha jioni moja, kidonge kikiwa kimeshakuwa robo, mume wangu alimwambia kwamba mbuzi aliyezeeka hata fisi hamtaki. Mjane alipiga makofi akaingia ndani akajichukulia kuku wetu bila kuuliza. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba nikalia.

Ile robo ilipokwisha, vidonge vikaisha. Alianza kulala mwenyewe, vipande vipande, na katika usingizi ule aliita wenzake wa mgodini na kulia. Nilimwacha alie. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuyaona machozi yake.

Mjomba hakuwa amesahau. Alituita, akaketi na ndugu zangu, akaagiza nifungue mdomo waone pengo. Alimwuliza mume wangu, polepole na bila chuki, kama alinipiga. Niliona mtumbwi umeshawekwa tayari ufukweni, nguo zake zimefungwa ndani. Nilitaka kusema kwamba si yeye, lakini ndiye. Kilikuwa kichwa chake na lilikuwa jino langu.

"Papa, miye sikumbuke," alijibu. "Lakini kama bibi yangu anasema nilimupiga, basi nilimupiga. Anirudishie."

Ndugu zangu walitazamana. Kwetu watu hulipishana mbuzi, hawarudishiani makofi. Mjomba akasema kwamba damu ni yangu na neno ni langu. Nifanye nitakavyo, kisha niseme kama imetosha. Nikisema imetosha, kesi imekwisha, naye atapanda mtumbwi kwa amani; kabla sijasema hivyo, haondoki.

Nilisimama. Mwenyezi anisamehe, sikujizuia hata kidogo. Niliukusanya mkono wangu tangu begani, na ndani yake mlikuwemo jino, na koo, na ulingo wa samaki, na yule mtoto aliyekufa baba yake akalala, nikamzaba kofi lililowarusha kunguru juu ya paa. Aliyumba akapiga goti. Aligusa shavu lake kwa vidole, akavitazama vidole, na machozi yakaanza kumtoka, akiwa anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu sasa hivi.

"Papa," alimwambia mjomba, "nimesikia. Inauma kabisa."

Mjomba akanigeukia akaniuliza kama imetosha. Nikamwambia haijatosha hata kidogo, nikamshika mume wangu mkono, nikapita naye kando ya ule mtumbwi, nikaenda naye nyumbani.