Mtani wa Redioni

Saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Valentina Kipriani anaweka spika ndogo mezani na kuwaambia wanafunzi wake wa darasa la tano wafumbe macho. Leo katika kipindi cha Kiswahili wanasikiliza watu wakibishania bei mnadani Ruangwa, sauti aliyoirekodi mwenyewe.

"Maneno yamo kitabuni," anasema. "Lakini namna watu wanavyoishi nayo, lazima uisikie."

Shule yake iko Marambo, wilayani Nachingwea. Darasani wako hamsini na wawili, wengi wa nyumba za Kimwera na Kimakua. Kumi na mmoja ni watoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa.

Machi mwaka huu, spika hiyo almanusura imponze. Alifungulia mchezo wa redio: watu wako msibani, wanalia, mara mtani anaruka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Darasa liliangua kicheko. Rahabu Mayunga, binti wa miaka kumi na miwili, mmoja wa wale watoto wa wafugaji, alitoka nje bila ruhusa. Wiki mbili kabla, kwao walikuwa wamemzika bibi yake.

Hakurudi. Siku ya tisa Valentina alitembea kilomita saba kwenda kwa baba yake Rahabu.

"Nilijiambia hawa wageni hawaujui utani, ngoja nikawafundishe," anasema, na aibu bado anayo. "Kumbe mwanafunzi nilikuwa mimi."

Mzee Mayunga aliusikiliza mchezo wote kwenye simu ya Valentina bila kutabasamu, akamrudishia.

"Mwalimu, watani hata kwetu wapo. Siku tunamzika mama, mtani wake alimtukana palepale, tukacheka. Lakini yule tunamjua, na kaburi alichimba yeye. Huyu wako wa redioni, ni mtani wa nani?"

Valentina aliomba radhi. Akapewa maziwa, akanywa.

Jumatatu Rahabu alikuwa kwenye dawati lake. Baba yake alisimama mlangoni. Amekuja kurekodiwa, alisema, awaeleze watoto utani wa kwao.

Sasa Valentina ana sauti kumi na nne za wazazi, na mwakani anataka zifike hadi shule za Likunja, wilayani Ruangwa. Kabla ya kufungulia yoyote, huwaambia watoto ni ya nani.

Tumaini lake jingine hajalirekodi.

"Nikifiwa, nataka Mzee Mayunga aje agomee kaburini," anasema. "Kuku wake nimeshamtenga."