Nilivyowasalimia Wote

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya redio ya zamani hunirudisha Queensburgh, mji wa ugenini tulikokimbilia vita, kwenye gereji ya Papa Govi, mwenye nyumba wetu. Mzee yule wa Kihindi alikuwa amestaafu kazi ya reli, na raha yake yote ilikuwa kuzungumza na watu wa mbali asiowajua, kwa mitambo aliyoiunga mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, na jamani, niliona ni uchawi mtupu.

Baba alikuwa amebaki kwetu Uvira. Vita vilikuwa vimeanza upya, simu hazipiti, ila misheni ya kule ilikuwa na fonie, redio ya kuongelea inayotumia betri ya gari. Jumapili moja baada ya ibada, Papa Govi akaipata hewani. Mama hakuwa amekula tangu juzi. Wakimbizi wapya walikuwa wamemwambia kwamba barabara ya ziwani inamaliza watu, na Baba alipanga kuipita kesho yake ili atufuate. Neno lilikuwa moja tu: asipite.

"Salimia baba yako kwanza," Mama aliniambia. Kwetu mtoto ndiye hutanguliza salamu.

Nikabonyeza kitufe. Nikamsalimia Baba, nikamuulizia Bibi, shangazi Furaha, mapacha, mbuzi, hadi jirani mwenye cherehani. Nilifundishwa nisimruke mtu, na sikumruka hata mmoja. Papa Govi alikuwa akizungusha kidole hewani niharakishe. Mimi nikadhani ananisifu.

"Nimekusikia vizuri, mwanangu," Baba akajibu, sauti ikizama na kuibuka. "Huku betri iko karibu kuisha. Ova." Yaani zamu yetu kusema.

Mama akaninyang'anya maiki. "Baba Neema, usipite barabara ya ziwani! Usipite! Ova!"

Mvumo tu. Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Papa Govi akazima mashine bila kututazama.

Baba hakufika. Hata kaburi hatukupata.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba betri ile niliimaliza mimi, nikiulizia mbuzi. Nilimwendea Mama nikilia.

"Ulimsalimia baba yako, Neema," akasema. "Mimi sikupata hata salamu hiyo."

Leo wanangu, kila mmoja na simu yake mfukoni, hunicheka kwa redio aliyoniachia Papa Govi, iliyo kwenye veranda yangu Pinetown, jirani na Queensburgh. Lakini mvua kubwa ikikata umeme na simu zikanyamaza, mimi naiunga kwenye betri ya gari nakaa nasikiliza. Nikibonyeza kile kitufe kumjibu mtu, naanza na ujumbe wenyewe. Salamu huja mwisho, kama betri bado ipo.