Seva Yangu na Figo ya Binti Yangu

"Mama, umemuua baba."

Binti yangu alinitupia maneno hayo tumetoka kuzika, udongo wa makaburini bado uko viatuni.

Nikadhani ni uchungu unaongea. Kumbe ana maana yake.

Jamani, kazi yangu ni kuendesha seva ya barua pepe ya chuo kimoja, ule mtambo unaopokea na kugawa barua. Mume wangu alikuwa mwalimu hapohapo. Kuna kipindi barua taka zilitufurika hadi basi: umeshinda gari, dawa ya kuotesha nywele, sijui tajiri gani kakuachia urithi.

Nikabana seva. Barua ya mgeni ikija, seva inaiambia: rudi baadaye. Tapeli hana subira, anahamia kwingine. Mwenye shida ya kweli hurudi, anafunguliwa mlango.

Walimu walilalamika wee. Mume wangu akanitania, "Mke wangu, wewe utawafungia hata malaika."

Figo zake zilikuwa zimekufa. Tulitafuta wa kumchangia, tukasubiri, tukasubiri. Ghafla akazidiwa. Akaenda.

Sasa binti akamwaga yote. Kumbe alipimwa kimyakimya, na figo yake ilifaa. Hospitali ikamwandikia baba yake barua pepe aende wapange upasuaji.

"Nikampigia kumwuliza. Akasema hajaona kitu, eti mama yako amebana seva. Kila nikiuliza: seva, seva! Eti atakwambia mwenyewe uifungue."

Kesho yake nikaenda ofisini, macho yamevimba. Nikafungua kumbukumbu za seva.

Barua ilikuja. Ikaambiwa irudi baadaye. Ikarudi. Ikapokelewa, ikaingia kwenye sanduku lake.

Ikafunguliwa.

Kisha ikabonyezwa: taka.

Seva haikufanya hivyo. Ni yeye, kwa kidole chake mwenyewe.

Nikampigia nesi aliyeituma.

"Mama, alitupigia siku hiyohiyo. Akasema, 'Nimemzaa mzima, sitamrudisha nusu.' Tukamwambia watu wanaishi vizuri na figo moja. Wapi! Akatuomba tusikwambie. Alisema wewe ungemshawishi."

Haki ya Mungu, ningemshawishi. Ningempigia magoti.

Nikarudi nyumbani nikamweleza binti. Akakaa chini sakafuni, puu, kama mzigo.

"Hakuniuliza, mama! Figo ni yangu, na hakuniuliza!"

"Hata mimi hakuniuliza, mwanangu."

"Nisamehe. Nimekuita muuaji."

"Ulikuwa na uchungu. Baba yako alikuwa anakukinga."

"Na wewe je? Alikuachia lawama ubebe peke yako!"

Yule mwanamume nilimpenda kufa na kupona, lakini siku ile nilimkasirikia hadi nikauma mto ili majirani wasinisikie. Unamgombezaje mtu aliye kaburini?

Mpaka leo binti akiongea na simu hugusa ubavu wake, hajui kwamba namwona.

Wewe unayesoma, ukitaka kumwepushia umpendaye maumivu, kaa naye kwanza mzungumze. Ukiamua peke yako, wewe unapumzika, wanaobaki wanararuana.

Angetuambia, labda tungeshindwa kumgeuza. Alikuwa mbishi yule.

Lakini tungemuaga.