Kapteni na Shimo la Tisa

Jumamosi ndiyo siku ya mlima. Mwanamke wa fotokopi, jirani wa kibanda changu cha chai hapa Busia upande wa Uganda, huipakua sura mpya kwenye simu, akaichapa, akaibana kwa stepla na kuja kuisomea kwenye benchi langu. Ni manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Hii ni ya mlima unaopumua, na wachimbaji wanaoingia tumboni mwake kutafuta mawe ya mwanga, na Kapteni wao mwenye hereni moja anayecheka hata kukiwa na hatari.

Kurasa zake huanzia kulia. Mwalimu wa fizikia, anayevuka kutoka upande wa Kenya kuja kuisikiliza, mpaka leo hujikuta amesoma jibu kabla ya swali. Mwanamke wa fotokopi hana taabu hiyo, amesoma Kurani tangu mdogo. Mimi pia sina taabu, kwa sababu nyingine: niliishia darasa la tatu, na macho yangu hayakufundishwa sawasawa yaanzie wapi. Maneno ni ya Kiingereza, mwanamke huyo anatugeuzia kwa Kiswahili.

Zamani nilikuwa nawauzia chai tu, siwasikilizi. Nilikuwa na langu. Kabla ya chai nilipasua mawe Tororo, kwenye machimbo ya mtu binafsi. Siku moja shimo moja la baruti lilikataa kulipuka pamoja na wenzake, likalipuka tukiwa tumesimama juu yake. Mimi nilitoka na jicho moja, na vidole vitatu mkono wa kushoto. Mwenzangu, tuliyeshika tindo pamoja miaka sita, hakutoka. Waliomuua nawajua. Wa kwanza ni mwenye machimbo, aliyenunua utambi wa baruti uliolala ghalani mpaka ukaota ukungu. Wa pili ni nyapara, aliyetuambia tuingie. Wa tatu ni yule ofisa aliyekuja kesho yake, akanywa soda mbili, akaandika ajali, akaondoka. Nimewataja kila mahali nilipopewa kiti.

Mjane wa mwenzangu analima kijijini Kwapa. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza swali lile lile: "Shemeji, kwa nini mliingia?" Namjibu tulilazimishwa. Anarudi kwenye ungo wake wa nafaka ya wimbi. Mume wake hakuwa mtu wa kulazimishwa, aliwahi kumkatalia baba mkwe mbele ya wageni. Yeye analijua hilo, nami najua kwamba analijua. Swali hilo nimerudi nalo Busia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Jumamosi moja walikuwa watatu, kwa sababu dereva wa lori aliyekwama siku ya tatu kwenye foleni ya forodha naye alikuwa mpenzi wa mlima. Kapteni alikuwa ametoboa mwamba na kuupasua kwa baruti.

"Huyu amesimama hatua kumi," mwalimu alisema. "Mapafu yangepasuka. Hapo mchoraji ametudanganya."

"Mwalimu, mlima inapumua," dereva akasema. "Hiyo umekubali. Hatua kumi ndiyo inakuuma?"

"Kupumua ni kanuni ya hadithi, tuliambiwa ukurasa wa kwanza. Lakini baruti ni baruti. Hakusema kwamba ya huko ni tofauti."

"Mimi nasoma kwa ajili ya Kapteni," alisema mwanamke wa fotokopi. "Akicheka vile na hereni yake, hata fizikia yako ingemfuata."

"Fizikia haifuati mtu."

"Ndiyo maana hujaoa."

Dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanigeukia. "Mzee, wewe ulipasua mawe. Hatua kumi, mtu anabaki?"

Nilitaka kumwambia anywe chai yake. Sijui kwa nini niliomba zile karatasi.

Niliona kwanza kwamba mchoraji alikuwa amewahi kuona jiwe likipasuka, au aliuliza mtu. Nyufa zilifuata mshipa wa jiwe, hazikutawanyika kama za kioo. Nikahesabu mashimo, ni mazoea tu. Yalikuwa tisa. Nikahesabu miale ya moto. Ilikuwa minane. Nikarudia kwa kidole.

"Moja halijalipuka," nilisema.

Wakainama wote. Mwalimu akahesabu mara mbili. "Kosa la mchoraji."

"Si kosa. Tazama huyu pembeni." Mchimbaji mmoja mdogo alikuwa ameinua vidole, anahesabu. Picha iliyofuata vidole vimekunjwa, anacheka na wenzake, wanamfuata Kapteni ndani.

"Kapteni hakujua," mwanamke wa fotokopi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa ndugu yake. "Kapteni hawezi."

Mimi sikuwa namuuliza Kapteni. Nilikuwa namwangalia yule wa vidole. "Wewe ungekuwa huyu," nikamuuliza mwanamke wa fotokopi, "umeshahesabu milio minane, ungeingia?"

"Ningeingia, mzee. Kapteni anakuangalia vile, wenzako wanacheka. Ningeona haya kuwa mimi peke yangu ndiye ninayehesabu."

Nilikaa kwenye benchi pamoja nao. Sisi mashimo yetu yalikuwa saba, na milio ilikuwa sita. Mwenzangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Nyapara akasema miwili imelia pamoja, na kama tunaogopa atume mtu awaite wake zetu waje watushike mkono. Tulicheka. Tulicheka kwa moyo wote.

"Nyapara wenu alikuwa mtu wa aina gani?" dereva aliuliza, maana nilikuwa nimeyasema kwa sauti.

"Alikuwa mtu mzuri kukaa naye," nikasema. Maneno hayo sikuwahi kuyatoa kinywani.

Mwalimu alitaka kujua kama sikio linaweza kutenganisha milio miwili ya pamoja. Nikamwambia sikio hudanganyika ila nyayo hazidanganyiki, mlio huja kupitia ardhini. Akaandika nyuma ya ukurasa. Wakaanza kubishana upya.

Jumatatu nilipanda boda mpaka Kwapa. Sikungoja aniulize.

"Shemeji, hatukulazimishwa," nilimwambia. "Tulihesabu, tukajua moja limebaki. Nyapara akatania, tukaona haya."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Mume wangu aliingia akicheka?"

"Ndiyo."

Aliuweka ungo chini. "Yule nyapara alikuja matangani," alisema. "Alichota maji siku tatu, akapasua kuni, akawachekesha watoto. Nilimpenda. Nimekuwa nikilificha hilo hata kwangu mwenyewe, nikidhani ni mimi tu."

Nikamwambia bado ni wa pili kwenye orodha yangu ya waliomuua. Akasema kwenye yake pia, wala hamtoi. Kisha akanisogezea kigoda, akataka nianze asubuhi ile tangu mwanzo: tulikula nini, nani alitania kwanza, na mume wake alijibu nini.