Gari la Baba Lililolia Kama Cherehani

Kama ulikulia Kariakoo miaka yetu ile, huna haja ya kuambiwa kwamba gari lilijulikana kwa sauti kabla halijaonekana. Jioni tulikaa barazani tumeipa barabara mgongo, midomo inawaka kwa mihogo ya kukaanga na pilipili, tunabahatisha: hilo lori la mkaa, hiyo teksi ya babu yake Hamisi. Aliyekosea alitoa gololi moja. Vijana wa leo wamejiziba masikio kwa vidude vya simu, hata honi ya lori hawaisikii, halafu wanatuambia sisi ndio tumepitwa.

Gari moja tulilitoa mchezoni, maana kila mtu angelipatia: la baba yangu. Mengine yalikwenda duku-duku-duku. La baba lilikwenda vuuu, laini, kama cherehani ya fundi nguo siku moja kabla ya Idi. Alilinunua kwa jirani yetu Mhindi aliyekuwa akihama, akaambiwa kwamba ndani yake hamna pistoni hata moja. Kuna pembetatu mbili za chuma zinazozunguka. Baba aliitangaza habari hiyo mtaa mzima utadhani injini kaiunda yeye.

Kasoro yake, lilikunywa oili. Kila Ijumaa akitoka msikitini baba aliliongezea.

"Baba Mwajuma," mama alimuuliza, "hilo gari au karai la maandazi?"

Dada Mwajuma alipochumbiwa, baba aliapa mbele ya wakwe kwamba bintiye atakwenda kwa mumewe Ilala ndani ya gari lile lile. Mama alitaka ikodiwe teksi. Baba akasema mtoto wake hawezi kupanda teksi na babake ana gari. Ili asiaibike, akalipeleka Gerezani kwa Fundi Shomari, bingwa wa injini.

Fundi Shomari alijua jambo moja kwa hakika: injini inayokula oili ni mgonjwa. Alipoona kamrija kanakopeleka oili kwenye kabureta, alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, hapa ndipo unapoibiwa!" Akakakunja, akakabana kwa koleo. Kweli, wiki mbili oili haikupungua. Baba akatamba.

Siku ya harusi nilijibana kiti cha nyuma, miguuni pa somo wa dada, yule mama aliyemfunda. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma msururu wa magari. Barabara ya Uhuru, tukikaribia Mchikichini, ile vuuu ikageuka kikohozi. Kisha kimya. Baba akazungusha ufunguo, wapi!

Wakaja wajomba: bibi harusi ahamie gari la nyuma. Somo akatoa kichwa dirishani. "Hahami mtu! Gari alilopandia kwao ndilo atakaloshukia kwa mumewe. Mnataka mkosi?"

Baba alisimama anatazama viatu vyake. Sijawahi kumwona hivyo, si kabla wala baadaye.

Aliyemwokoa ni muuza mitumba mmoja, suruali tano begani. Alizitupa juu ya meza ya mwenziwe, akaweka mikono kwenye buti la gari. "Mzee, shika usukani, sisi tupo!" Wakaja wengine, wachukuzi wakatua mizigo, wajomba wakavua makoti. Matarumbeta yakapunguza mwendo yafuate miguu yao. Dada, shela limekaa upande, akapiga kelele: "Sukumeni taratibu, jamani, jasho linanitoa wanja!"

Tulipofika, shangazi wa bwana harusi akatucheka. "Hee! Gari lenu linatumia watu badala ya petroli?"

"Petroli inanunuliwa, bibi," baba akajibu, kifua kimemrudi. "Hawa utawanunua wapi?"

Shule niliiacha darasa la sita, lakini swali la injini ile sikuliacha. Nimezurura Tanga, Mwanza, mpaka Mombasa, na kila gereji niliuliza. Mzee mmoja wa Mombasa ndiye aliyenieleza: pembetatu zile zina vibamba vyembamba kwenye ncha zake, vinavyosugua ukuta wa chumba muda wote, na bila oili kidogo ya kuungua pamoja na petroli vinakwisha. Oili haikuwa ugonjwa, ilikuwa chakula chake. Ndiyo maana injini hizo hazikuenea: zinakula oili, zinakunywa petroli kama maji, vibamba havidumu, na mafundi wote wamezoea pistoni. Fundi Shomari hakuwa mjinga. Alimtibu samaki kwa kumtoa majini.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelitia gari la baba injini ya kawaida. Likadumu miaka, likilia duku-duku kama mengine. Pembetatu moja mama aliichukua kukandamizia kifuniko cha pipa la maji.

Juzi mjukuu wa dada aliiona, akaipiga picha, na kabla sijamaliza kukohoa simu imemwambia yote niliyoyatafuta nusu ya maisha. Sikumwonea wivu. Harusi zao wanakodi magari ya kifahari, vioo vimefungwa. Moja likizima linaitwa jingine kwa simu, wala hakuna anayetua mzigo wake.

Dada Mwajuma sasa ni bibi. Mpaka leo, fundi nguo wa jirani akikanyaga cherehani, yeye hugeuka kutazama barabarani.